Mitaa mikongwe ya Nakuru: ibomolewe, au wenyewe waitengeneze?

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ardhi iliyo karibu na katikati ya mji imezidi kumezewa mate. Na ardhi hiyo haiko tupu. Ndiyo Bondeni, Kaloleni, Shauri Yako, Kivumbini na Flamingo, mitaa ambayo watu wamezaliwa humo, wakaolea humo na kufiwa humo. Wapo wanaosema nyumba hizi zimechoka, zibomolewe na maghorofa yasimame. Wapo wanaosema wakazi wakishikana wataitunza mitaa yao na kuiboresha bila mtu kuhamishwa. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, ila kwa sharti ambalo wengi wao hawalipendi: kundi la wakazi lisiloanza na mpangaji haliokoi mtaa. Linaokoa ploti za wachache.

Kwanza tuielewe mitaa yenyewe, maana haifanani. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na mji ulipoanza kukua serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Huko kwa Waafrika kukawa na makazi ya namna mbili. Bondeni watu walijijengea wenyewe, Waswahili, Wanubi na watu wa kila kabila waliofuata kazi mjini. Walijenga kwa mtindo uliopanda bara kutoka pwani: korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wenye jiko, choo na kamba za nguo. Kivumbini, Flamingo na mitaa mingine ya aina hiyo ilijengwa na baraza la mji: safu za vyumba, mabomba na vyoo vya pamoja, kwa hesabu ya kibarua anayeishi peke yake. Leo chumba kile kile kina baba, mama na watoto, na kodi huenda kwa kaunti. Mwenye ploti Bondeni na mpangaji wa kaunti Kivumbini hawana tatizo moja, na mjadala huu huharibika kila wanapotiwa kapu moja.

Wanaotaka kubomoa wana hoja nzito, na si haki kuwaona wote kuwa wanyakuzi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 307,990 katika mji wa Nakuru. Ile ya 2019 ikahesabu 570,674. Watu hao lazima walale mahali. Safu moja ya vyumba vya chini imekalia ardhi ambayo ingebeba familia nyingi zaidi kwa orofa, na nyumba 605 za bei nafuu zilizojengwa Bondeni zimeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana papa hapa. Kisha kuna choo. Mwenye kusifia ukongwe wa nyumba hizi na amuulize mama anayetoka chumbani saa nane za usiku na mtoto anayeharisha, akavuka ua wenye giza kwenda kwenye choo cha vyumba vinane. Mama huyo hadaiwi urithi wa mtu. Anadaiwa na mtoto wake choo kilicho karibu na mlango.

Lakini nyumba ya bei nafuu huuzwa, hata kama malipo yanatandazwa kwa miaka mingi. Anayelipia chumba kwa kibarua cha kutwa hana amana ya kuweka wala mshahara wa kuonyesha. Ardhi ile ile itabeba watu wengi zaidi, na yeye hatakuwa miongoni mwao.

Kuna na jambo ambalo michoro ya wasanifu haiandiki. Ua wa Bondeni ni mahali pa kazi. Alfajiri jiko la makaa linawashwa, mahamri yanakaangwa, na kabla jua halijachomoza yameshafika kwa wanaokwenda kazini. Mtoto wa jirani anaachwa hapo mama yake akienda sokoni. Mchango wa mazishi unakusanywa barazani, kwa daftari, na aliyekosa mwezi huu anajulikana kwa nini amekosa. Uhamishe watu hao orofa ya nne, na jiko la makaa halipandi ngazi. Biashara inakufa na hakuna anayeandika kwamba imekufa. Nikisema uhifadhi wa mtaa mkongwe, huo ua ndio niuonao mbele yangu kabla ya vigae na milango ya mbao.

Na tusijidanganye kwamba miaka mingi ya kukaa ni kinga. Februari 2021, Wanubi wa Kibos kule Kisumu, walioishi hapo vizazi na vizazi, walivunjiwa nyumba zao kwenye ardhi ambayo Shirika la Reli lilisema ni yake. Palikuwa na wazee waliozaliwa hapo. Haikusaidia.

Sasa nije kwa makundi ya wakazi, maana hapa ndipo wapenzi wa uhifadhi huwa wepesi wa kusifu. Hudhuria mkutano wowote wa mtaa wenye ploti za zamani, uangalie nani ameketi viti vya mbele. Ni wenye ploti au mawakala wao, na wengi wa wenye ploti hawaishi hapo tena. Wapangaji, ambao ndio wengi, wamesimama nyuma au wako kazini. Kundi likafaulu kuzibua mitaro, kuweka taa kwenye vichochoro na kupaka rangi upande wa barabarani, na mwezi unaofuata kodi inapanda. Mpangaji ametolewa kwa upole kuliko tingatinga, lakini ametolewa. Halafu huja lango la chuma kwenye kichochoro kwa jina la usalama, na njia ambayo watoto wa mtaa wa pili walipitia kwenda shule inafungwa. Hayo nayo huitwa maendeleo ya wakazi.

Tena kuna nyumba zinazoanguka bila mtu wa nje kuzigusa. Hati, kama ipo, ina jina la babu aliyefariki zamani. Warithi wametawanyika, mmoja anakusanya kodi, wengine wanalalamika, na hakuna anayetaka kununua mabati mapya ya nyumba ambayo huenda kesho akaambiwa si yake. Ukuta unapasuka kidogo kidogo kila msimu wa mvua. Kwa maoni yangu kesi za mirathi zitaimaliza Bondeni ya zamani kabla ya kaunti kuifikia, na kundi la wakazi lenye wakili mmoja wa kujitolea lingeokoa nyumba nyingi kuliko kampeni yoyote ya kupaka rangi.

Je, sheria haisaidii? Inasaidia nusu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kihistoria, na likishatangazwa halibomolewi ovyo. Lakini inalinda ukuta, hailindi anayelala ndani. Mji wa kale wa Lamu uliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba nyingi za mawe kule zimenunuliwa na wageni wenye pesa. Ulinzi wa anayelala ndani umetoka kwingine. Tangu mabadiliko ya sheria za ardhi ya 2016, kuwaondoa watu kunahitaji notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya chama cha wakazi cha Mitu-Bell, ambao kijiji chao karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kilibomolewa 2011, ilikubali kwamba watu walioishi muda mrefu kwenye ardhi ya umma na kulea familia hapo wanaweza kudai haki ya makazi hata bila hati. Angalieni aliyeshinda kesi hiyo. Ni chama cha watu wa kawaida kilichokuwa na majina ya wanachama wake.

Pangani, Nairobi, inafundisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mtaa ulipobomolewa kupisha nyumba mpya, wapangaji wa zamani, familia 48, walipewa pesa za kupanga kwingine wakati wa ujenzi, na ahadi ya kurudi. Hawakupata hayo kwa sababu nyumba zao zilikuwa nzuri. Walikuwa wanajulikana, mmoja mmoja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Safu za nyumba za kaunti, baadhi yake, zijengwe upya kwa orofa, mradi wapangaji waliopo waandikwe kwanza, na haki yao ya kurudi iwe kwa kodi wanayoimudu, si kwa kununua tu, na chini pabaki ua na nafasi ya biashara ndogo. Bondeni ya ploti isibomolewe. Itengenezwe, kuanzia vyoo, mitaro na umeme, kwa makubaliano kwamba ploti iliyojengewa choo kwa pesa za umma haipandishi kodi kwa miaka itakayokubaliwa. Wenye ploti watanung'unika. Wanung'unike ndani ya mkutano, wapangaji wakiwepo, na mkutano ufanywe Jumapili alasiri, saa ambayo wengi wao wako nyumbani.

Kazi ya kwanza ni daftari: kila chumba, nani anaishi, tangu lini, analipa ngapi, anatumia choo gani. Vijana wa mtaa wanaweza kulijaza kwa simu zao. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, kwa hiyo daftari hilo likitaka kuingia kwenye bajeti, liwe limefika ofisini mapema, Juni au Julai, likiwa na sahihi za wapangaji pamoja na za wenye ploti.