Jogoo Niliyemnunua Mara Mbili

Nilihama mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa sababu ya picha. Rafiki alinitumia picha ya kijiji karibu na Limuru, majani chai yameteremka hadi bondeni kama mkeka, nami wakati huo nilikuwa dirishani kwangu nikitazama suruali za jirani wa ghorofa ya nne zikidondosha maji. Sikungoja mwezi uishe.

Kazini, katikati ya Nairobi, nikawa kero. Kila sentensi ilianza na "kwetu Limuru". Niliwaambia wenzangu chai ya kwanza nchini ilipandwa huko mwaka 1903, kwamba tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kwamba hewa haina moshi wa matatu. Habari ya maji kuletwa na punda niliiruka. Mwishowe wakasema, basi Jumapili tunakuja kuona. Ilikuwa Julai.

Sasa, mimi Mluhya. Mgeni akitoka kwangu bila kuona kuku, habari itafika Kakamega kabla yeye hajafika kwake. Jumamosi nikaingia soko la Limuru, nikamwona jogoo mwekundu, shingo imenyonyoka upande mmoja, jicho limejaa dharau. Muuzaji alitaka 1,500. Tukabishana hadi 1,200, nikapanda bodaboda na gunia langu nikijiona mwenyeji kamili.

Jumapili alfajiri nikakuta kamba peke yake. Fundo la mtu wa mjini hilo.

Nje, ukungu ulikuwa umemeza hata choo. Nikasikia kuwika ng'ambo ya majani chai, nikaifuata sauti na ndara, umande ukinifika mapajani. Kitu kikatikisika mbele yangu. Nikakirukia, nikakikumbatia kwa nguvu zote. Ulikuwa mguu wa punda wa maji. Alinistahi, alinipiga teke moja tu.

Nilitokea uani kwa shosho, bibi mzee jirani yangu, nikichechemea. Jogoo alikuwa juu ya banda, kifua mbele.

"Shosho, huyo ni wangu."

"Wako? Huyu nimemlea tangu yai. Jana kijana wangu alimpeleka soko, leo amerudi mwenyewe. Mungu ni mwema."

"Ni mimi nilimnunua!"

"Uko na risiti?"

Simu ikalia. Wageni walikuwa Kinoo tayari. Nikameza mate, nikauliza bei.

"1,500."

"Shosho! Jana alikuwa 1,200!"

"Jana hatukujua kama anajua njia."

Nikatuma pesa kwa simu.

Wageni walifika wakiwa na kamera. Nikawapanga ukingoni, nikanyoosha mkono.

"Bonde ndilo hilo."

"Lipi?"

"Hapo mbele."

"Mbele ni wapi?"

Tulisimama hivyo kama watu wanaosubiri pazia lifunguliwe, mpaka mmoja akaanza kutetemeka. Jogoo naye aliingia jikoni saa nne. Saa tisa nilipomchoma uma, uma ulipinda. Aliyetuokoa ni shosho, aliyepita na sufuria ya githeri kuuliza kama jogoo ameiva. Hakutulipisha, ila alicheka mpaka akashika mlango.

Jumatatu niliingia ofisini kimya, sikutaja Limuru. Kabla sijakalia kiti, mtu nyuma ya kompyuta akawika.