Land Rover ya zamani: tuanze na injini au na difu?

Land Rover Series III ya petroli, ile ya injini ya sentimita za ujazo 2,286, hunywa kama mtu aliyealikwa mangweni. Ukipata kilomita sita kwa lita, shukuru. Ndiyo maana ukikaa gereji yoyote ya Shimanzi au Jomvu, huku Mombasa, penye gari la namna hii, utasikia ubishi ule ule. Wapo wanaosema ing'olewe injini, itiwe dizeli ya turbo. Wapo wanaosema injini haina kosa, ugonjwa uko kwenye difu, zile gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu.

Nianze na hawa wa difu, maana husikilizwa kidogo. Difu ya asili ya Series ina uwiano wa 4.7 kwa 1, na kabla ya kuifikia, giaboksi ya pili, ile inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, hupunguza tena kwa 1.15. Kwa tairi za 7.50-16, ambazo hutembea karibu mita mbili na nusu kwa kila mzunguko, mwendo wa kilomita 80 kwa saa unaitaka injini izunguke mara 2,900 hivi kwa dakika. Hapo abiria wameshaacha kuzungumza, hawasikilizani. Funga difu za Range Rover ya kale, zenye 3.54, na mwendo ule ule unahitaji mizunguko isiyofika 2,200.

Nafuu yake si kelele tu. Msuguano ndani ya injini hupanda kadiri mizunguko inavyopanda. Tena injini ya petroli ikienda mbio huku mguu umegusa pedali kidogo, kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachopitisha hewa, kinakuwa kimefungwa nusu, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa kwenye tundu dogo. Mizunguko ikipungua, unakanyaga zaidi, kipepeo kinafunguka, na ile kazi ya bure inapungua. Mafundi wetu wa zamani walilijua hili bila kitabu: gari likiunguruma chini na kuvuta, linakula kidogo.

Lakini difu haichagui gia. Ukiirefusha ya nne, umeirefusha na ya kwanza, kwa karibu theluthi moja. Sasa gari liko ndani ya feri ya Likoni, maji yamepwa, limejaa magunia ya nazi, na mbele yako kuna ule mpando wa kutokea. Harufu ya klachi inayoungua utaitambua kabla ya makanga wa matatu iliyo nyuma yako hajaanza kukutukana.

Kwa hiyo kuna wanaopenda overdraivu ya Fairey, kifaa kinachofungwa nyuma ya giaboksi na kupunguza mizunguko kwa kama asilimia 22 unapokitaka tu. Mpando unapanda na gia zako za asili, tambarare unaivuta. Ni jawabu zuri kwa injini ya asili. Kwa dizeli ya turbo nisingekiamini, kwa kuwa kifaa hiki hakikutengenezwa kwa nguvu hizo.

Na kuna mtego mmoja unaowafanya wengi wabishane bure. Kwenye Series, waya wa spidomita unatoka giaboksi ya pili, mbele ya difu. Ukibadilisha difu tu, spidomita haijui: itahesabu kilomita 75 pale ulipotembea 100. Mwenye gari atagawa kilomita kwa lita, aone hakuna alichookoa, amlaumu fundi. Ukitumia overdraivu, hesabu ya spidomita inabaki sahihi.

Upande wa injini nao una hoja nzito. Dizeli haina kipepeo cha kuizuia hewa, hubana hewa kwa nguvu zaidi silindani, na lita yake yenyewe ina nishati zaidi ya lita ya petroli. Dizeli ya 200Tdi, iliyotoka na Discovery mwaka 1989, ina nguvu za farasi 111 kwa lita 2.5, ilhali dizeli ya asili ya Series ilikuwa na 62 hivi. Ukiitia, kilomita 10 kwa lita si ndoto. Hapa pwani wengi huangalia pia injini za Kijapani, na hapo ningechagua ile inayopulizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kama Isuzu 4JA1, kuliko zile za chumba cha pembeni kama Toyota 2L au 3L, ambazo hupoteza joto kwenye kuta za kile chumba. Ila kama vipuri vya 3L viko duka la jirani na vya nyingine huvipati, sina ubishi nawe.

200Tdi huvuta kwa nguvu zake zote kwenye mizunguko 1,800. Ukiiacha na difu ya 4.7, kwa mwendo wa 80 itazunguka 2,900 njia nzima, mbali na pale inapopenda kukaa. Huko ni kununua jahazi bila tanga. Injini hii na difu ya 3.54 ni mume na mke, na kwa nguvu zake hata feri haiitishi sana. Anayepanda milima ya Taita kwenda Wundanyi na mzigo kila wiki ndiye ningemwambia atafute giaboksi ya gia tano, abakishe gia ya kwanza fupi, hata kama kazi ya kukata na kuchomelea ni kubwa.

Halafu kuna pesa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa injini. Tuchukue kilomita 8,000 kwa mwaka. Ukitoka kilomita 6 kwa lita hadi 10, unaokoa lita 533. Kwa bei ya mfano ya shilingi 180, ni chini kidogo ya 96,000. Ikiwa injini, vishikizo, rejeta, breki na kubadilisha namba ya injini kwenye logibuku vimekula 450,000, utangoja zaidi ya miaka minne na nusu. Anayetembea kilomita 30,000 anarudisha zake kwa miezi 15. Bei ya mafuta Mombasa huwa chini kuliko Nairobi kila EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, inapotangaza tarehe 14, na nafuu hiyo, kwa kinyume chake, inazidi kurefusha kungoja kwetu.

Mguu nao una bei yake. Ukitoka 80 hadi 100, ukinzani wa upepo unaongezeka kwa zaidi ya nusu, na Land Rover ina umbo la kabati. Nimeona dizeli mpya ikimaliza faida yake yote hapo, kwa sababu sasa inaweza kukimbia.

Kwa hiyo kabla hujashika spana, jaza tangi hadi shingoni, nenda Malindi na kurudi kwa 80, kama kilomita 240, kisha jaza tena pampu ile ile. Andika namba hiyo ukutani gerejini. Ukishabadilisha chochote, rudia njia ile ile, na umbali uuchukue kwenye simu.