Floraidi ya Visimani: Kikomo cha Mwili au cha Mfuko?

Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu maji ya vijijini yawe na floraidi, madini ambayo yakizidi majini huharibu meno na mifupa, hadi miligramu 8 kwa lita, kwa kiwango kilichoitwa cha muda. Baadaye kikomo kilishushwa hadi 4, na mwaka 2018 kikafika 1.5, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikwisha kukipendekeza tangu 1984. Katika miaka hiyo yote miili ya watu wa Arusha na Kilimanjaro, mikoa ya kaskazini ambayo maji yake mengi yana floraidi nyingi, ilikuwa ile ile.

Elimu ya sumu huanza kwa kuuliza mtu anameza kiasi gani kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 60 akinywa lita 2 za maji yenye miligramu 4 kwa lita, humeza takriban miligramu 0.13 kwa kilo. Mtoto wa kilo 10 akinywa lita moja tu ya maji hayo humeza 0.4, mara tatu ya mkubwa, tena katika umri ambao meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya. Doa la kahawia likishaingia hapo, mswaki hauliondoi. Hata 1.5 yenyewe inapaswa kupimwa pamoja na floraidi ya kwingine, na katika nyumba nyingi za kaskazini hiyo imo katika magadi yanayotiwa chunguni ili makande yaive upesi.

Wanaotetea kikomo kilicholegezwa wana hoja nzito. Kisima kikifungwa, mama atachota bwawani, na kipindupindu huua kwa saa chache ilhali floraidi hupinda mifupa kwa miaka. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa utafiti katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, huchuja floraidi kweli, lakini huchoka na kuhitaji kubadilishwa, na usipochomwa vizuri maji hutoka yananuka.

Hoja hiyo naikubali inapotaka muda wa utekelezaji. Inapotaka namba nyingine siikubali, kwa sababu mzazi akiambiwa maji yamo ndani ya kiwango huelewa kwamba mwanawe yuko salama. Kisima kinachozidi 1.5 kipewe kibali chenye tarehe ya mwisho, kiasi chake cha floraidi kiandikwe penye bomba, na maji yenye floraidi kidogo yatengwe kwanza kwa ajili ya watoto wadogo. Mvua inayokingwa kwenye bati la nyumba haitoshi kufulia wala kunyweshea ng'ombe, lakini ikihifadhiwa vizuri inaweza kupikia uji wa mtoto kwa wiki kadhaa.