Miaka 25 ya Simba na mwaka na nusu wa giza

Asante kwa habari ya mchezo wa muziki The Lion King kutimiza miaka 25 Broadway, kwenye kumbi za maonyesho za New York, mwaka 2022, ila mwandishi umepita mbio pale penyewe penye uchungu. Taa zilizimwa Machi 12, 2020 kwa sababu ya korona, zikaja kuwaka Septemba 14, 2021. Miezi 18! Mpiga ngoma, mshona nguo, fundi wa vinyago, hata yule anayekuonyesha kiti chako, wote wako nyumbani. Sasa mtu akileta ubishi kwamba tangu Novemba 1997 miaka 25 haijatimia kwa sababu walifunga, mimi namwambia ihesabu yote tu. Wameilipia.

Mimi niliiona hapo ukumbi wa Minskoff, nimekaa karibu na njia. Tembo akanipita ubavuni, kila mguu una mtu wake ndani. Ndege wanaruka juu ya vijiti. Mwongozaji wake, Julie Taymor, hakutaka kuwaficha wanaowaendesha wanyama: unamwona mtu, unamwona mnyama, na baada ya dakika mbili akili imeshakubali. Tuzo ya Tony, ile kubwa ya michezo ya Broadway, ya mwaka 1998 ilikuwa haki yake, na ndiye mwanamke wa kwanza kuipata kwa kuongoza mchezo wa muziki.

Jirani zangu walimcheka Pumbaa kwa vituko vyake. Mimi nilikuwa nalicheka jina.

Halafu jamani, ule wito wa mwanzo jua linapochomoza si Kiswahili, ni Kizulu. Kila mwaka kazini naombwa niutafsiri!