Lubumbashi iko mbali na Atlantiki, lakini hesabu yake inatuhusu

Mwambie mwanafunzi wa historia hapa Lubumbashi aisome Afrika kwa kupitia Atlantiki, pamoja na meli zake na mashamba ya miwa ya Brazili na Karibiani, atakujibu kwamba hayo ni ya Bakongo wa pwani na Wamarekani weusi. Sisi wa Katanga ni watu wa shaba, na hata Kiswahili chetu kilitoka mashariki.

Jibu hilo lina uzito. Makaburi ya kale ya Sanga, kule bonde la Upemba, kaskazini mwa Lubumbashi, yanaonyesha mafundi wa chuma na shaba wa zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na misalaba ya shaba ilizunguka mikononi mwa watu kabla Mreno hajaona mdomo wa Mto Kongo. Somo linaloanza na meli linamwingiza Mwafrika katika historia siku anapouzwa. Tena M'siri, mfalme wa Wayeke hapa Katanga, aliyeuawa katika mji wake wa Bunkeya mwaka 1891, alifanya biashara na Benguela, bandari ya Angola, na vilevile na pwani ya Zanzibar. Ukimtazama kutoka magharibi peke yake, umemwona nusu.

Hata hivyo, kuna hesabu moja hainiachi. Inakadiriwa kwamba watu milioni 12.5 walipakiwa melini kuvushwa Atlantiki, na milioni 5.7 hivi kati yao walitoka pwani ya Loango, Luanda na Benguela. Karibu nusu! Je, wote hao walizaliwa ufukweni? Haiwezekani. Karani wa biashara hiyo aliandika bandari, kijiji hakukiuliza. Katika karne ya 18 mateka wa vita za Walunda, watu wa ufalme wa huku bara, walipitishwa Kasanje, ufalme wa wafanyabiashara karibu na mto Kwango, wakauzwa tena na kuteremshwa Luanda. Wakifika Brazili waliitwa Angola, kama kwamba bara liliishia pale meli ilipotia nanga. Basi msomi wa Katanga anayesema "hao si wetu" anamwamini karani yuleyule. Mtafiti wa Bahia, kule Brazili, anaweza kuhesabu vichwa mpaka achoke, lakini hatajua ukoo gani ulihama, wala mtemi gani alitoza ushuru njiani. Masimulizi ya Walunda na Waluba yanahitaji mtu anayeyasikia katika lugha zake, na mtu huyo yuko huku.

(Nani hapa halagi Atlantiki? Mahindi ya bukari, yaani ugali wetu, ambayo unga wake hupimwa kopo kwa kopo katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na muhogo unaotupa sombe, mboga ya majani yake, vyote asili yake ni Amerika.)

Kwa hiyo mimi ningefundisha somo hilo, ila kwa mpangilio mwingine: kwanza Sanga, kisha misafara ya Walunda mpaka Kasanje, na meli mwishoni. Na swali la kwanza la mtihani lisiwe mwaka waliofika Wareno.