Nesi wa Mtaa, Nesi wa Daftari

Mamkubwa wangu wa Wete, Pemba, alikuwa na kidonda cha sukari kwenye kidole cha mguu. Tukaambiwa yuko nesi mtaa wa pili anayefuata wagonjwa majumbani. Akaja kweli, kila asubuhi, na glavu zake na chupa yake ya spiriti. Mkono wake mwepesi, maneno yake mazuri, mamkubwa akawa anamngoja yeye kuliko sisi wanawe. Wiki ya tatu kidole kikaanza kuwa cheusi. Akasema dawa inafanya kazi. Tulipompeleka spitali kilikatwa, na cha pili yake kikafuata. Ndipo tulipojua kuwa mwenzetu alikuwa mfanya usafi katika kliniki moja ya binafsi, na kazi ya kufunga vidonda aliipata kwa kutazama tu. Nilipomuuliza kwa nini alijiita nesi, hakubabaika: “Mie sijajiita. Nyinyi ndio mlioniita.”

Jibu lile hunirudia kila ninaposikia hoja kwamba jina la muuguzi lifungwe kisheria, yaani asiyemo kwenye daftari la Baraza la Wauguzi na Wakunga akilitumia awe ametenda kosa. Usajili si mgeni kwetu. Afya si jambo la Muungano, kwa hivyo Bara wana sheria yao ya uuguzi na ukunga ya mwaka 2010, na Zanzibar ina baraza lake. Mjadala ninaousema hapa ni wa neno lenyewe: ni la nani?

Wanaotaka lifungwe wana hoja nzito. Mgonjwa hana namna ya kumpima anayemshika mshipa. Anachokiona ni nguo nyeupe na anachokisikia ni jina, na kwa jina hilo anatoa mkono wake. Hata Uingereza, iliyoanza usajili kwa sheria ya 1919, bado inahangaika na tundu hili. Kule kinacholindwa ni “muuguzi aliyesajiliwa”, lakini neno “nurse” peke yake, hilo tulilolifanya nesi, halikufungwa. Mei 2025 serikali yao ilitangaza kuwa itatunga sheria ya kuliziba. Zaidi ya miaka mia moja ya daftari, na jina bado li wazi.

Upande wa pili una shahidi asiyetarajiwa, naye ni Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa mama wa uuguzi wa kisasa. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, wauguzi wa dunia nzima husherehekea siku yao, na sidhani kama wengi wanajua kuwa bibi huyu aliupinga usajili wa serikali. Nesi Mwingereza Ethel Fenwick na wenzake walipounda chama chao mwaka 1887 kuudai, Nightingale alisimama upande mwingine. Mtihani, kwa maoni yake, hupima kichwa tu, na tabia ya mtu mbele ya mgonjwa haina karatasi ya kuipima. Alifariki 1910, kabla ya kina Fenwick kushinda. Nikimkumbuka yule mwanamke wa Wete na mkono wake mwepesi, naelewa bibi alichokuwa akikisema. Nikikikumbuka kile kidole, naona alikosea.

Kuna na suala la lugha, ambalo wanasheria hulipita haraka. Mtu huugua, mwenzake humuuguza, na anayeuguza ni muuguzi. Mama aliyekesha spitali ya Mnazi Mmoja pembeni ya kitanda cha mwanawe naye anauguza. Utamnyang'anyaje jina ukamwachia kitenzi? Tungelifunga neno mwalimu kwa mtindo huo, tungewaitaje maalim wa vyuoni wanaosomesha Kurani? Mganga ndiyo kabisa: yuko Mganga Mkuu na yuko mganga wa kienyeji, na sijamsikia mtu aliyekusudia kwenda kwa mmoja akajikuta kwa mwengine.

Lakini mfano huo wa mganga, ambao barazani hupendwa sana, unavuja. Mganga wa kienyeji unamjua kwa ubani kabla hujafika mlangoni. Nesi wa kweli na wa kubabaisha wamevaa nguo moja na wameshika sindano moja. Na nguo ile nani kaivalisha? Mara nyingi ni mwenye kliniki, aliyeona msichana wa mafunzo ya miezi mitatu anakuja kwa mshahara mdogo kuliko mwenye stashahada. Sheria inayoanza na ulimi wa jirani itamwacha mwenye kliniki huyu amekaa kwenye kiti chake.

Itawagusa na wasiostahili. Wahudumu wa afya wa kujitolea wanaozunguka nyumba kwa nyumba shamba huitwa nesi na wanakijiji, wakatae wasikatae. Na Bi Nesi aliyestaafu, leseni yake imekwisha, mtaa mzima bado unamwita hivyo na utamwita hivyo mpaka siku ya maziko yake. Mimi ningeliacha neno nesi kwa watu wake. Ningelifunga “muuguzi msajiliwa”: kwenye kibao, kwenye tangazo, kwenye beji, na adhabu ya kwanza iende kwa anayeajiri na kuvalisha. Beji iwe na namba, na namba hiyo mtu wa Micheweni aweze kuihakiki kwa simu yake ya kitochi bila ya kupanda boti kwenda Unguja. Bila ya hapo jina litakuwa limelindwa mjini tu, tena ndani ya makabati ya ofisi.

Najua udhaifu wa ninachokitaka. Sheria hii isingemgusa yule mwanamke: hakuwa na kibao, hakuwa na beji, hakuajiriwa na mtu kwa kazi ya unesi. Labda ingetugusa sisi, tukazoea kuuliza namba. Siku ile alipokuja mara ya kwanza, tulimkaribisha, tukamtilia chai, na suali tulilomuuliza lilikuwa moja tu: bei gani kwa wiki?