Namba ya Kwenye Boksi Haizibi Sikio

Anayeanza kulenga shabaha akifika kwenye kinga za masikio, swali lake huwa lile lile: ipi ina namba kubwa? Anageuza boksi, anaona NRR (kipimo cha kelele ambayo kifaa hupunguza) 33 kwenye vizibo vya sponji na NRR 22 kwenye vifuniko vya masikio, anachukua 33 na roho inatulia. Kwangu mimi, namba hiyo ndiyo ya mwisho kutazamwa. Kwanza jiulize kama kifaa kinaziba sikio lako wewe, kisha kama utaweza kukaa nacho bila kukivua kila mara.

NRR hupimwa maabara, watu wamevalishwa kwa uangalifu, wametulia, hawana haraka. Uwanjani mambo ni mengine. Ndiyo maana NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, ilishauri mwaka 1998 kuipunguza namba hiyo: robo kwa vifuniko, nusu kwa vizibo vya sponji. Piga hesabu. Nusu ya 33 ni 16.5. Toa robo kwenye 22, inabaki 16.5. Vifaa vilivyoonekana kupishana mbali kumbe vimetoka sare.

Na kelele yenyewe si ya mchezo. Bunduki ndogo ya .22 hutoa mlio wa desibeli 140 hivi, kiwango ambacho NIOSH inasema sikio lisikivuke hata mara moja. Bastola ya milimita 9 hufika karibu 160. Tofauti ya 20 inaonekana ndogo, lakini kwa nguvu ya sauti ni mara mia. Seli za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na mvumo unaobaki masikioni unaweza usiondoke maisha yote.

Sponji ni nzuri sana, ila mkono wa mvaaji ndio huiangusha. Wengi huichomeka kama wanaziba chupa, nusu ikabaki nje. Isokote mpaka iwe nyembamba isiyo na mikunjo, pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, isukume ndani, kisha ishikilie kwa kidole kama nusu dakika mpaka ivimbe. Mwenzako akikutazama kwa mbele na kuiona imechomoza, itoe uanze upya.

Vifuniko navyo vina hila yao, nayo hujitokeza wakati mbaya kuliko wote. Unapolaza shavu kwenye kitako cha bunduki, ukingo wa chini wa kifuniko hugonga kitako na kusukumwa. Mwanya unafunguka pale pale unapofyatua. Mikono minene ya miwani hufanya vivyo hivyo, na miwani uwanjani huwezi kuiacha. Kwa bunduki ndefu tafuta vifuniko vyembamba, na miwani yenye mikono bapa. Anayetumia mkono wa kulia aangalie zaidi sikio la kushoto, maana ndilo lililoelekea mdomo wa bunduki. La kulia hukingwa kidogo na kichwa.

Kuhusu vifuniko vya kielektroniki nina msimamo: si anasa. Watu hudhani umeme ndio unaozuia mlio. Hapana, kinachozuia ni kikombe na mto wake, na betri ikiisha kinga inabaki pale pale. Umeme unaruhusu sauti za watu ziingie, ukizikata au kuzipunguza zinapokuwa kubwa, kwenye vifaa vingi karibu desibeli 82. Faida ni kwamba msimamizi akitoa amri unaisikia bila kuinua kifuniko. Na hapo ndipo masikio mengi huumia: mtu anainua upande mmoja aulize jambo, jirani anafyatua.

Kwenye ukumbi uliofungwa, au ukiwa kando ya bunduki yenye kipunguza mshtuko mdomoni kinachotupa mlio pembeni, vaa vyote viwili, sponji ndani na kifuniko juu. Usijumlishe namba zake, lakini. Kile cha pili huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kilicho bora, kwa sababu sauti nyingine hupitia mifupa ya fuvu. Hizo 5 nazitaka. Kifuniko kikiwa cha kielektroniki, pandisha sauti yake, na mazungumzo utayasikia kupitia sponji.

Pamba, maganda ya risasi, earphone za muziki: sitaki hata kuyajadili.

Ukishanunua, kagua mito ya vifuniko mara kwa mara. Jasho na joto huikakamaza, ikapasuka, na mto uliopasuka hauzibi hata kama boksi liliandikwa nini. Aina nyingi zina mito ya akiba inayouzwa peke yake.